Siku Sita Tukiisubiri Nyota ya Taji

Jumanne, 2 Julai 2024. Lubumbashi

Mizigo imekamilika usiku huu, nayo si mingi: darubini ya macho mawili ya 10x50 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, daftari lenye jalada gumu, penseli tatu, blanketi mbili za kukabili baridi ya Julai, na tochi niliyoifunga kitambaa chekundu ili mwanga wake usiyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Kesho asubuhi mimi na mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, tutaondoka kuelekea Likasi, na kutoka huko tutateremka hadi ufukwe wa Ziwa Tshangalele, mahali ambapo hakuna taa za barabarani wala moshi wa mji. Tunakwenda kuitazama nyota ambayo kwa sasa haionekani kwa macho matupu, lakini ambayo wanaastronomia wamesema huenda ikalipuka kabla ya mwezi wa Septemba.

Nyota hiyo huitwa T Coronae Borealis, nayo imo katika kundinyota la Taji la Kaskazini, umbali wa miaka-nuru ipatayo 3,000. Kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana, na mzunguko mmoja huchukua siku 228 hivi. Moja ni jitu jekundu, yaani nyota iliyozeeka ikavimba. Ya pili ni kibete cheupe, kiini kilichobaki baada ya nyota kufa, chenye ukubwa unaokaribiana na wa Dunia yetu ilhali uzito wake unazidi ule wa Jua. Kibete hicho hunyonya hidrojeni ya mwenzake, na hidrojeni hiyo hurundikana juu yake tabaka kwa tabaka, ikibanwa na kupata joto, mpaka siku ambayo tabaka zima huwaka kwa pamoja kama bomu la nyuklia lililotandazwa juu ya uso wa nyota. Mlipuko wa namna hiyo huitwa nova. Nyota yenyewe haivunjiki. Hukitupa nje kilichowaka, kisha huanza kurundika upya.

Kwa sababu inaanza upya, inaweza kutabiriwa. Mnamo Mei 1866 John Birmingham, akiwa Tuam huko Ireland, aliona nyota ngeni ndani ya Taji, na mnamo Februari 1946 nyota hiyohiyo ilichomoza tena kwa siku chache. Kati ya milipuko hiyo miwili kuna miaka 80, na anayeongeza 80 nyingine anapata 2026. Hata hivyo, hesabu ya miaka peke yake haitoshi. Watazamaji wa wakati ule waliandika kwamba kuanzia mwaka 1938 nyota hiyo iliongeza mng'ao kidogo ikadumu hivyo, na kwamba mwaka mmoja hivi kabla ya kulipuka ilififia. Mng'ao wake ulipanda tena mwaka 2015, na mwaka 2023 ukaanza kushuka. Bradley Schaefer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Marekani, aliyeziunganisha kumbukumbu hizo za karne nzima na hata akafufua maandishi ya mwaka 1217 na 1787 ambayo yanaonekana kuitaja nyota hii, ndiye aliyetoa makadirio ya mwaka huu wa 2024.

Umeme wa mtaa wetu ulikatika saa 2 usiku kwa muda wa dakika arobaini hivi. Tulitoka uani sote, na Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, ilionekana hadi juu ya bomba kuu la moshi la kiwanda cha shaba. Kisha taa zikarudi, na anga likawa la rangi ya majivu kama kawaida yake.

Jumatano, 3 Julai. Njiani na Likasi

Barabara ya Likasi ina lami na urefu wa kilomita 120 hivi, lakini mwendo wa basi letu uliamuliwa na malori. Yalikuwa yanakuja upande wetu bila kukatika, yakitoka Kolwezi na Fungurume kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, yamebeba shaba na mifuko mikubwa myeupe ya hidroksidi ya kobalti. Mpwa wangu alihesabu hadi hamsini akaacha. Tulipokuwa tumesimama kwenye peaji, kizuizi cha kulipia barabara, kando ya lori ambalo vumbi la kijivu lilikuwa limegandamana katika mishono ya turubai lake, akaniuliza: "Mjomba, na kobalti hii nayo ilitoka katika nyota?"

Nilifurahi sana kuulizwa swali hilo mahali pale, kwa sababu sidhani kama kuna barabara nyingine duniani inayolistahili zaidi. Nchi yetu huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kobalti ndiyo iliyowafundisha wanaastronomia kwa nini nyota iliyolipuka huendelea kung'aa kwa miezi mingi.

Nilimweleza kwamba mlipuko tunaousubiri ni mdogo ukilinganishwa na ule mkubwa uitwao supanova. Nyota yenye uzito wa zaidi ya Majua manane hivi hufikia mwisho wake pale kiini chake kinapogeuka chuma, kwa maana chuma hakitoi nishati ya kuuhimili uzito ulio juu yake. Kiini huporomoka kwa chini ya sekunde moja, na tabaka za nje hurushwa angani. Kibete cheupe nacho kinaweza kuvunjika chote ikiwa uzito wake utakaribia Majua 1.4. Katika aina zote mbili, moto wa mlipuko huzaa nikeli-56, ambayo haidumu: nusu yake huoza kila baada ya siku 6 na kuwa kobalti-56, na kobalti hiyo nayo nusu yake huoza kila baada ya siku 77 na kuwa chuma cha kawaida. Uozaji huo hutoa nishati, na nishati hiyo ndiyo inayoyawasha mabaki ya nyota. Supanova ya mwaka 1987 ilitengeneza nikeli-56 yenye uzito wa zaidi ya mara 20,000 ya Dunia nzima, na mng'ao wake ulipoanza kushuka ulishuka kwa mwendo uleule wa siku 77, hivi kwamba mtu aliyekuwa akiupima kila usiku alikuwa, kwa kweli, anaitazama kobalti ikigeuka chuma.

Kobalti iliyo malorini ni ya aina nyingine, kobalti-59, ambayo haiozi. Ndiyo maana ipo hadi leo. Lakini hiyo nayo, pamoja na shaba, ilipikwa ndani ya nyota na kutawanywa zilipolipuka, kabla ya kuwako Jua letu. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akapitisha kidole kwenye mshono wa turubai akakitazama.

Tumelala Likasi. Vumbi lilikuwa jingi mno, hatukutazama chochote.

Alhamisi, 4 Julai. Ziwa Tshangalele

Ziwa hili lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, na hata sasa vipo visiki vya miti iliyozama vinavyochomoza majini. Tumepokewa na mzee mvuvi, rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye sote tunamwita Baba, pamoja na mke wake. Nyumba yao iko upande wa kusini wa maji, hivyo anayetazama kaskazini haoni kitu isipokuwa ziwa na anga. Mama alitupikia bukari na samaki wabichi, akatuwekea makala katika mbabula kwa ajili ya usiku.

Giza lilikamilika saa 1:15 usiku. Jambo la kwanza lilikuwa kuigeuza ramani. Ramani za nyota nilizonazo zimechorwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao hulitazama Taji wakielekea kusini na kuliona kama bakuli lililo wazi juu. Sisi tulio digrii 11 kusini mwa ikweta tunalitazama tukielekea kaskazini, na kwa hiyo bakuli limefunikwa: Alphecca, nyota yake angavu, iko juu kabisa ya tao, na ncha mbili zinaning'inia chini. Nilimwona mpwa wangu akihangaika na karatasi kwa dakika kumi, akitafuta taji ambalo halikuwako, hadi alipoipindua juu chini na kupiga kelele ya furaha iliyowaamsha mbwa wa kijiji.

Njia tuliyoitumia ni hii. Kwanza unaitafuta Arcturus, nyota ya rangi ya machungwa inayotamba upande wa kaskazini, halafu unakwenda kulia hadi kwenye tao. Saa 3:20 usiku tao hilo huwa kaskazini kamili, juu kupita nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kutoka Alphecca unalifuata tao upande wa kulia, nyota baada ya nyota, hadi ile inayoitwa epsilon, ambayo mng'ao wake ni wa daraja la 4. Kumbuka kwamba madaraja haya huhesabiwa kinyume: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo nyota inavyokuwa hafifu. Digrii moja juu ya epsilon, na kulia kidogo, ndipo mahali penyewe.

Hapakuwa na kitu. Katika siku za utulivu T iko daraja la 10, nje ya uwezo wa darubini yetu. Siku ikilipuka itapanda kwa saa chache hadi kufikia daraja la 2, sawa na Alphecca, yaani itaongezeka mng'ao zaidi ya mara elfu moja, nasi tutaiona bila chombo chochote. Tuliandika mstari wa kwanza wa daftari: tarehe, saa, hali ya anga, na maneno "T haionekani, hafifu kuliko daraja la 8". Mpwa wangu alisikitika kuandika kwamba hakuona. Nilimwambia kwamba siku nyota itakapolipuka, wanaotaka kujua ilianza saa ngapi watamtafuta mtu wa mwisho aliyeandika kwamba haikuwako.

Ijumaa, 5 Julai. Ziwa Tshangalele

Tuliamka saa 10 na nusu alfajiri. Mbabula ilikuwa imezima na umande ulikuwa umelowesha blanketi. Upande wa kaskazini-mashariki Kilimia kilikuwa kimekwisha kuchomoza, na sayari ya Mshtarii ikiwaka chini yake. Baba alitukuta tukitazama, akiwa amebeba kasia kwenda kutega, akasema kwamba tangu utoto wake kundi lile lilikuwa likiwaambia wakulima kuhusu mvua. Wapwani wana methali yao juu ya jambo hilo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo nao ni utabiri, na ulipatikana kwa njia ileile, watu wakitazama mwaka hadi mwaka na kutunza walichokiona.

Lakini tuliamkia upande mwingine. Kusini, chini sana juu ya mashamba, lilionekana wingu dogo hafifu lisilosogea: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Huko ndiko kulikolipuka supanova ya mwaka 1987, iliyo karibu kuliko zote zilizoonekana tangu darubini zivumbuliwe. Usiku wa tarehe 24 Februari 1987, Ian Shelton, katika kituo cha Las Campanas nchini Chile, alikuta katika picha yake nyota ambayo jana yake haikuwapo, akatoka nje akainua macho, nayo ilikuwa pale. Haikuwa imetabiriwa na mtu. Hata hivyo, dalili yake ilikuwa imetangulia kufika duniani: saa tatu hivi kabla ya mwanga, mapipa makubwa ya maji yaliyozikwa ardhini huko Japani na Marekani, pamoja na chombo kingine kilichoko Urusi, yalikuwa yamenasa nyutrino zisizofika 30 kwa jumla. Nyutrino ni chembe zinazopenya karibu kila kitu. Kiini cha nyota kinapoporomoka, zenyewe hutoka mara moja, lakini mwanga hungoja mpaka mshtuko ufike juu ya uso wa nyota. Siku hizi vituo vya namna hiyo vimeunganishwa katika mtandao wa tahadhari, ili safari ijayo nyutrino zikifika darubini zielekezwe mapema. Kwa supanova za aina hiyo, tahadhari ya saa chache ndiyo iliyo mikononi mwetu. Nyota kubwa ya Betelgeuse ilipofifia mwishoni mwa mwaka 2019, wengi walitangaza kwamba mwisho wake umefika, ilhali lilikuwa vumbi tu ililolitoa yenyewe. Itakufa katika miaka 100,000 ijayo, na hakuna anayeweza kuitaja siku.

Jioni, tukiwa tumekaa karibu na moto na kibuyu cha munkoyo, Baba aliuliza swali ambalo lilikuwa limemkaa tangu jana. "Mwalimu, hao wataalamu, kuna hata nyota moja waliyosema itaonekana, na kweli ikaonekana?"

Nikamjibu kwamba ipo. Mwaka 2014 Patrick Kelly alikuta katika picha za darubini ya anga ya Hubble supanova moja ikionekana mara nne, kwa sababu mwanga wake, uliosafiri zaidi ya miaka bilioni 9, ulipita katikati ya kundi la galaksi ambazo uvutano wao uliupinda katika njia kadhaa. Njia hizo hazilingani urefu. Waliopiga hesabu wakasema kwamba kuna njia moja ndefu zaidi, na kwamba mwanga wa mlipuko uleule utaonekana tena mahali fulani baada ya mwaka mmoja hivi. Hubble ilielekezwa hapo, na tarehe 11 Desemba 2015 ikaiona. Supanova hiyo imepewa jina la Refsdal, mwanasayansi wa Norway aliyewaza jambo hilo mwaka 1964.

Baba alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba amelielewa: mtu akifariki ng'ambo ya ziwa, yuko anayeleta habari kwa mtumbwi, na yuko anayezunguka kwa miguu akafika kesho yake, msiba ni mmoja, na ukiujua urefu wa njia unajua wa pili atafika lini. Nimekuwa nikifundisha fizikia kwa miaka kumi na mitano na sijawahi kulieleza vizuri kuliko hivyo.

Mstari wa pili: T haionekani, hafifu kuliko daraja la 8. Anga safi kabisa.

Jumamosi, 6 Julai. Ziwa Tshangalele

Mchana walichoma nyasi upande wa pili wa maji. Jioni moshi ulilala juu ya ziwa kama shuka, na saa 3:20 hata Arcturus ilikuwa doa jekundu. Tuliingia ndani. Nilijifunika, kifua kikaniwasha kwa moshi, nikajiambia kwamba usiku mmoja si kitu.

Ndipo nikamkumbuka Leslie Peltier. Alikuwa Mmarekani wa Delphos, Ohio, mtazamaji wa kujitolea, ambaye alikuwa ameiangalia nyota hii hii kwa zaidi ya miaka 25 akisubiri iamke. Usiku mmoja wa Februari 1946 saa yake ilimwamsha kabla ya alfajiri. Alihisi mafua yanamwanza, akarudi kitandani. Usiku huo ndio T ilipolipuka. Siwezi kulisoma jambo hilo bila kuumia kwa ajili yake. Robo karne ya uaminifu, na yeye amelala umbali wa hatua chache kutoka kwenye darubini yake.

Nilimwamsha mpwa wangu saa 6 usiku. Upepo ulikuwa umegeuka, moshi ukiburutwa kuelekea magharibi, na Taji limeinama upande wa kaskazini-magharibi lakini bado liko juu. Tuliingojea epsilon itulie katika darubini, nami nikahisi moyo ukinipiga, kwa maana juu ya epsilon palikuwa na nukta angavu. Nukta hiyo ikasogea. Ilikuwa setilaiti, ilipita, na mahali pake pakabaki giza.

Mpwa wangu akaandika tarehe 7 Julai, saa 6:10 usiku. Nilimwomba asahihishe. Watazamaji wa nyota duniani kote hutumia saa moja, ile ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa mbili. Kwa hesabu hiyo bado ilikuwa tarehe 6, saa 22:10. Bila makubaliano hayo, maandishi ya Lubumbashi, Osaka na Ohio yasingeweza kuwekwa katika mchoro mmoja, na yule anayetafuta dalili ya kufifia asingeiona.

Jumapili, 7 Julai. Likasi na Lubumbashi

Mama alitufungia samaki wakavu katika majani ya mgomba. Baba aliomba mchoro wa Taji, uliopinduliwa kwa namna ya huku kwetu, na mpwa wangu alimchorea kwenye kipande cha boksi akaweka duara jekundu mahali pa T. Alisema ataliangalia kila usiku anapokwenda kutega nyavu, kwa sababu yeye yuko nje saa ambazo walimu wamelala. Nilimwachia namba yangu ya simu.

Huko Likasi, mtandao ulipopatikana, tulituma mistari yetu mitatu kwa AAVSO, chama cha Marekani kinachokusanya kumbukumbu za nyota zinazobadilika mng'ao tangu mwaka 1911. Mistari hiyo imekaa pamoja na mamilioni mengine. Siku T itakapolipuka, vyombo vikubwa vitageuzwa kuelekea huko kwa haraka. Huku kusini mwa Afrika, nchini Namibia, zipo darubini za H.E.S.S., ambazo mwaka 2021 zilinasa miali ya gamma ya nguvu kubwa kutoka kwa nova nyingine ijirudiayo, RS Ophiuchi. Lakini vyombo hivyo huwa na ratiba na kazi nyingine nyingi. Huenda atakayeiona kwanza akawa mtu aliyesimama uani kwake.

Tumefika nyumbani saa 12 jioni, vumbi likiwa hadi ndani ya masikio. Saa 3:20 usiku tumetoka uani. Alphecca imeonekana kupitia ukungu wa mji. Epsilon imeonekana kwa taabu, na kwa darubini tu. Mpwa wangu ameandika mstari wa nne kwa mwanga mwekundu, safari hii bila kuniuliza saa ya Greenwich: 7 Julai, 19:22. T haionekani, hafifu kuliko daraja la 6.